Kabureta haipimwi kwa jicho

Katika miaka hii ya uhaba wa mafuta hapa Burundi, hasa tangu mwaka 2021, imezuka tabia katika gereji zetu ambayo haina budi kusemwa waziwazi. Mwenye pikipiki anafika, analalamika kuwa chombo chake kinakula sana, anamwomba fundi ampunguzie ulaji. Fundi anafungua kabureta palepale kandokando ya barabara, anakishika kile kiulimi cha floti kwa plaizi, anakikunja kidogo, anafunga na kupokea pesa yake. Kazi haikuzidi dakika kumi. Hakuna kilichopimwa, na mara nyingi jiko la mkaa la mama muuza chai linawaka hatua tatu tu kutoka hapo.

Ndugu msomaji, jambo hili linaweza kuonekana dogo, la watu wenye mikono myeusi kwa grisi, lisilostahili nafasi katika ukurasa wa maoni. Kwa mtazamo wangu ni kubwa. Linahusu mali za watu maskini walionunua pikipiki kwa mkopo, na linahusu ngozi na macho ya vijana wetu walioacha shule wakaenda kujifunza kazi gereji. Aidha, linahusu lugha tunayotumia kuwafundisha watu kazi zenye hatari.

Nianze kwa kusema mimi ni nani, ili nisije nikaulizwa naingiliaje mambo ya mafundi. Mimi ni mwalimu wa sayansi. Wazazi wangu walikimbia nchi hii mwaka 1972, nami nikazaliwa na kusomea katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, mkoani Tabora, Tanzania. Nilirejea mwaka 2009, pamoja na maelfu ya wenzangu waliokuwa wakirudi katika kipindi hicho. Pikipiki ninayoendea shuleni naifungua na kuifunga mwenyewe, kwa sababu mshahara wa mwalimu hauruhusu vinginevyo. Ninayoyaandika hapa ni fizikia ya kawaida kabisa, ile tuliyofundishwa kwa Kiswahili tulipokuwa watoto: vimiminika, uvukizaji, na shinikizo la hewa.

Sasa tuitazame kabureta yenyewe. Wale mliowahi kufunua tangi la maji la chooni, lile la kuvuta, mmeona boya linaloelea ndani. Maji yakipanda, boya linapanda nayo na kufunga mlango wa maji. Maji yakitumika, boya linashuka na mlango unafunguka. Kabureta inafanya hivyo hivyo. Chini yake kuna kikombe, na ndani ya kikombe kuna floti. Petroli inaingia kupitia tundu dogo linalofungwa na sindano. Floti ikipandishwa na petroli, kiulimi chake kinaisukuma sindano hadi inaziba lile tundu. Basi pale floti inapofunga sindano ndipo kilipo kiwango cha mafuta cha kabureta hiyo.

Kiwango hicho hakikuwekwa kwa kubahatisha. Injini inavuta hewa kupitia koo la kabureta, na hapo koo linapokuwa jembamba mwendo wa hewa unaongezeka na shinikizo linapungua. Upungufu huo wa shinikizo ndio unaoinua petroli kutoka kwenye kikombe, ikapita katika jeti na kuchanganyika na hewa. Petroli ikikaa juu mno, inatoka kwa urahisi kupita kiasi. Ikikaa chini mno, inavutwa kwa shida na injini inabaki na njaa. Milimita 1 au 2 tu zinatosha kubadilisha tabia ya pikipiki, hasa inapokuwa silensa au ikiendeshwa kwa mafuta kidogo.

Tuone matokeo yake. Kiwango kikizidi, plagi inakuwa nyeusi kwa masizi, moshi mweusi unatoka, na petroli inamwagika kupitia kimpira cha chini. Baya zaidi ni pale sindano isipofunga kabisa na pikipiki ikalala usiku kucha koki ikiwa wazi. Petroli inaweza kupenya hadi ndani ya injini na kuchanganyika na oili. Asubuhi oili imekuwa nyepesi kama maji, haishiki tena kwenye vyuma, na injini inajisaga yenyewe.

Kiwango kikipungua, ndipo penye mtego wenyewe. Siku za mwanzo mwenye pikipiki anafurahi, anaona kama mafuta hayaishi haraka. Lakini mchanganyiko wenye hewa nyingi na petroli kidogo huifanya injini ipate joto kali. Plagi inakuwa nyeupe, pikipiki inakosa nguvu mlimani, na kwa nchi yetu hii ya milima dereva anazidi kukaza mkono ili apande. Mwisho wake pistoni inaweza kukwaruza silinda au kuganda kabisa. Mtu aliyetaka kuokoa lita moja kwa juma anajikuta anatafuta pesa za pistoni, ringi na kuchonga silinda. Huko ni kuokota shilingi na kuangusha noti.

Kwa hiyo, floti si bomba la kupunguzia matumizi. Kazi yake ni kuweka kiwango alichokusudia aliyeitengeneza injini, basi. Anayetaka kupunguza ulaji wa mafuta asafishe chujio cha hewa, ajaze upepo wa kutosha kwenye matairi, ahakikishe breki hazishiki gurudumu likizunguka, choki haikukwama, mnyororo umepakwa oili, na plagi ina nafasi yake sahihi. Hayo yanaokoa mafuta bila kuiua injini.

Je, kuna wakati floti inapaswa kurekebishwa? Naam, upo. Lakini kabla ya kukunja chochote fundi ajiulize kwanza kwa nini kiwango kimebadilika. Chuma hakijikunji chenyewe usiku. Katika siku hizi ambapo igitoro, kama tunavyoyaita mafuta kwa Kirundi, inauzwa kimagendo katika chupa za maji na madumu machafu, sababu ya kwanza huwa ni uchafu. Chembe moja ya mchanga ikikaa kati ya sindano na kiti chake, petroli itafurika hata kama floti iko sawa. Sababu ya pili ni sindano iliyolika ncha, ikawa na mfereji mdogo unaoonekana ukiitazama kwenye mwanga. Sababu ya tatu ni floti yenyewe kutoboka na kujaa petroli, ikawa nzito isiweze kuelea. Ukiitikisa karibu na sikio utasikia kimiminika ndani. Kukunja kiulimi katika hali hizo ni sawa na kumpa dawa ya kichwa mtu mwenye malaria.

Baada ya kusafisha na kukagua, ikionekana kweli kiwango si sahihi, kipimo chake kinajulikana. Kabureta inavuliwa, kikombe kinafunguliwa, gasketi inaondolewa. Kabureta inageuzwa na kulazwa kwa mshazari mpaka kiulimi kiguse tu kile kijiti chenye springi kwenye mwisho wa sindano, bila kukibana. Hapo ndipo unapochukua rula au kalipa na kupima kutoka uso wa kabureta unapokaa gasketi hadi ukingo wa mbali wa floti. Kipimo sahihi kinatoka kwenye kitabu cha chombo hicho, kwani kabureta moja hutaka milimita kumi na kitu na nyingine zaidi ya ishirini. Floti zikiwa mbili, zote mbili ziwe sawa.

Hapa vijana wengi wanapotea, kwa hiyo naomba wasome polepole. Kipimo kikubwa maana yake ni mafuta machache, kwa sababu floti inafunga mapema ikiwa bado iko chini. Kipimo kidogo maana yake ni mafuta mengi. Kiulimi hukunjwa kidogo sana kwa koleo jembamba, kisha unapima tena. Usisukume floti yenyewe ili kukikunja, maana utaibana sindano kwenye kiti chake na kuiharibu. Na kama floti ni ya plastiki pamoja na kiulimi chake, haikunjwi wala haichomwi kwa moto ili ilainike. Inabadilishwa.

Ipo pia njia ya kuhakiki bila kubahatisha. Kwenye kabureta zenye tundu la kumwagia mafuta chini ya kikombe, unachomeka kimpira kinachopitisha mwanga, unakiinua kando ya kikombe, unafungua skrubu ya kumwagia taratibu, na petroli ndani ya mpira inasimama usawa uleule wa ndani ya kikombe. Ni kanuni tuliyofundishwa shuleni kwamba kimiminika katika vyombo vilivyounganika hukaa usawa mmoja. Unalinganisha na mstari ambapo kikombe kinakutana na kabureta, pikipiki ikiwa imesimama wima, na jibu unaliona kwa macho yako.

Hadi hapo nimezungumzia chuma. Sasa nizungumzie watu.

Kijana mmoja niliyemfundisha, mtoto wa familia iliyorejea kama yangu, aliacha shule na kwenda kujifunza ufundi katika gereji moja ambayo sitaitaja. Kazi aliyopewa ilikuwa ya kushusha kikombe cha kabureta na kukinga petroli kwenye chupa ya plastiki iliyokatwa. Ilikuwa jioni, na karibu na pale palikuwa na jiko. Hakuna aliyemwagia petroli jikoni. Mvuke ndio uliolifuata jiko. Leo vidole viwili vya mkono wake wa kulia havikunjiki, na kazi ya ufundi kwake ndiyo imekwisha kabla ya kuanza. Hakuwa mzembe. Hakuna mtu aliyewahi kumweleza kwamba petroli inatoa mvuke unaoshika moto hata kwenye baridi ya digrii 40 chini ya sifuri, wala kwamba mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hivyo unatambaa chini kama maji yasiyoonekana hadi ukutane na cheche.

Ningependa yafuatayo yajulikane katika kila gereji ya nchi hii. Kwanza, kabureta ifunguliwe nje au mahali penye hewa ya kutosha, injini ikiwa imepoa, mbali na jiko, sigara, kibatari, mashine ya kuchomelea na jenereta inayonguruma. Pili, koki ifungwe na waya wa betri uchomolewe kabla ya kugusa chochote. Tatu, petroli ya kwenye kikombe imwagwe kwa skrubu yake ndani ya chombo cha chuma chenye kifuniko, si chupa ya maji ambayo mtoto anaweza kuinywa. Nne, pawepo kizimamoto cha unga, au kwa uchache ndoo ya mchanga mkavu. Maji hayafai, kwa kuwa petroli huelea juu yake na kusambaza moto.

Tano, petroli isinyonywe kwa mdomo. Tone likiingia mapafuni linaweza kuleta madhara makubwa, na aliyeimeza asilazimishwe kutapika bali apelekwe hospitali. Sita, anayepuliza jeti kwa pampu ya upepo avae miwani, na asipulize upepo mkali huku floti ikiwa bado imefungwa. Saba, floti ya shaba iliyotoboka isichomelewe. Petroli iliyobaki ndani ikipata moto, floti hiyo inageuka kuwa bomu dogo mkononi. Na ikitokea mtu ameungua, jeraha lipoozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, nguo zilizolowa petroli zivuliwe isipokuwa zile zilizogandamana na ngozi, asipakwe dawa ya meno wala mafuta ya kupikia, kisha akimbizwe kwa daktari.

Mtu atauliza, mbona haya ni mambo yanayojulikana? Yanajulikana kwa nani? Vitabu vya pikipiki hizi vinavyotoka India na China vimeandikwa kwa Kiingereza. Masomo ya ufundi yanatolewa kwa Kifaransa. Lakini nenda Buyenzi, mtaa wa gereji pale Bujumbura, au shuka Rumonge kwa mafundi wa injini za mitumbwi, usikilize lugha inayotumika kazini. Ni Kiswahili na Kirundi. Kitabu kinasema lugha moja, mwalimu anasema ya pili, na mkono unafanya kazi katika ya tatu. Katikati ya lugha hizo ndipo kijana anapoungulia.

Sisi tuliosomea uhamishoni tunalifahamu hili kwa uchungu. Tuliporudi, wadogo zetu waliokuwa wa kwanza darasani kule Tabora waligeuka kuwa wa mwisho hapa, si kwa sababu akili ilibaki mpakani, bali kwa sababu somo lilibadilika jina. Waliokuwa wanajua uvukizaji hawakujua unaitwaje kwa Kifaransa. Wengi walikata tamaa na kuingia gereji, bandarini na mashambani. Mwalimu Nyerere alipotoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka mtoto amalize shule akiwa na maarifa yanayomsaidia pale alipo. Wazo hilo lilitekelezwa kwa mapungufu mengi, na baadhi yetu tulilima mashamba ya shule kuliko tulivyosoma. Hata hivyo, jambo moja lilithibitika: sayansi inafundishika kwa Kiswahili, na mtoto anaielewa.

Najua yapo majibu yanayoandaliwa. Wapo watakaosema kabureta inaondoka, pikipiki mpya zinatumia mfumo wa kupuliza mafuta kwa umeme. Ni kweli kwamba India ilipoanza kutumia kanuni zake mpya za moshi Aprili 2020, watengenezaji wengi wa huko waliiacha kabureta kwenye pikipiki za soko lao. Lakini zile zilizomo mikononi mwetu hazikutoweka siku hiyo. Na jenereta ndogo za saluni na maduka, pampu za kumwagilia bondeni, na injini nyingi za mitumbwi ya wavuvi wa Tanganyika bado zina kabureta na floti. Tutaishi nazo miaka mingi.

Wapo mafundi wakongwe watakaosema, "Mwalimu, rudi kwenye chaki yako, sisi tunapima kwa jicho na tumefanya kazi miaka 30." Nawaheshimu sana. Sikio la fundi mkongwe linasikia ugonjwa wa injini kabla ya chombo chochote. Lakini jicho la miaka 30 halirithishwi kwa kijana wa miezi mitatu, na rula inarithishwa siku hiyo hiyo. Anayewapenda wanafunzi wake awape kitu wanachoweza kukishika.

Wapo pia watakaosema kosa si la fundi, bali la uhaba wa mafuta. Hapo nakubaliana nao kwa sehemu. Mtu aliyelala kwenye foleni ya kituo cha mafuta, kisha akanunua lita moja kwa magendo, ana haki ya kutaka kila tone limfikishe mbali. Lakini shida ya mafuta haitatuliwi ndani ya kikombe cha kabureta. Wenye dhamana ya kuleta mafuta wadaiwe mafuta, na fundi adaiwe kipimo.

Napendekeza mambo matatu yasiyohitaji fedha nyingi. Vituo vya ufundi viandae ukurasa mmoja kwa Kiswahili na mmoja kwa Kirundi, wenye mchoro wa floti, namna ya kupima na kanuni za moto, ubandikwe ukutani katika kila gereji. Walimu wenzangu wa Kiswahili, lugha ambayo imeingia katika ratiba za shule zetu, watumie maandishi ya namna hiyo kama mazoezi ya ufahamu, kwa kuwa mtoto atajifunza lugha na kujiokoa kwa wakati mmoja. Na vyama vya mafundi viweke sharti kwamba gereji isiyo na ndoo ya mchanga na rula isipokee kijana wa kujifunza.

Nawe mwenye pikipiki una sehemu yako. Siku fundi atakapofungua kabureta yako, muulize kwa upole, "Kaka, kitabu kinasema milimita ngapi?" Akikosa jibu, usimruhusu akunje chochote. Na kijana anayemsaidia akiwa amechuchumaa juu ya petroli karibu na jiko, mwambie asogee, na mama wa chai naye ombwa ahamishe moto wake kwa muda. Haitagharimu hata faranga moja.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu ni wa milimita 2, lakini tayari kuna watoto wetu walioungulia humo. Naomba kuwasilisha.